Jicho Lisiliibie Sikio

Maneno haya niliyasema mbele ya wanakikundi wetu wa maigizo, Jumamosi alasiri, hapa Tanga. Waliokuwa safarini na waliozuiwa na mvua wameomba wayapate yote, ndiyo maana nimeyaandika. Picha nilizobandika ukutani siku ile nimeziacha.

Mwenyekiti, wazee wetu, dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango mkidhani sitawaona: hamjambo?

Kabla sijaanza, naomba wale dada watatu waliojitanda kanga wasimame. Naam, wewe, na wewe, na yule pale dirishani. Geukeni, muwape ukumbi mgongo. Hivyo hivyo, msigeuke kwanza. Haya, asanteni, kaeni.

Sasa niwaulize nyinyi wengine. Walipokuwa wamegeuka nilisema jambo hapa mbele, na sikulisema kwa kunong'ona. Nimesema nini?

(Kimya. Kisha kicheko.)

Hamkusikia! Mlikuwa mnasoma majina ya kanga. Nimetaja siku ya kulipwa posho, nikataja na saa, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua kichwa. Mnajua mambo ya posho yanavyosikika ukumbini humu hata yakisemwa kwa minong'ono. Leo yamepita hewani, kwa sababu ya maandishi ya mgongoni.

Basi hilo ndilo nililoitiwa. Jicho ni jizi. Jicho huliibia sikio mchana kweupe, mwenye sikio akiwa amekaa hapo hapo.

Tunaandika mchezo wetu wa kwanza wa kuimba. Nimezisoma nyimbo zote sita. Upo wimbo wa kidani cha bibi, upo wa viatu vya bwana harusi, upo wa nywele. Nyimbo tatu kati ya sita zinataja kitu kinachovaliwa au kilichoota mwilini. Na mimi ndiye fundi wa maleba, mavazi ya jukwaani, mimi ndiye nitakayevishona na kuvitafuta. Kwa hiyo nina haki ya kuuliza: wimbo ukitaja kidani, kidani kionekane lini?

Msiseme "si kionekane tu". Wenzetu wa Broadway, mtaa wa majumba ya maigizo kule New York, walishaungua vidole kwa swali hili. Nyimbo zao mimi nilizijua kwa kaseti, nimeinama kwenye cherehani, miaka kabla sijaona picha yoyote. Kila gauni nililiona kwa masikio. Nilipokuja kuyaona mengine kwenye picha, niseme kweli, yangu yalikuwa mazuri zaidi.

Twendeni kwenye nywele.

Tarehe 7 Aprili 1949 ulifunguliwa Broadway mchezo unaoitwa South Pacific. Muziki ni wa Richard Rodgers, maneno ya Oscar Hammerstein, mwongozaji Joshua Logan. Kuna binti muuguzi wa jeshi la wanamaji la Marekani, anaitwa Nellie, ametokea Arkansas, yuko kisiwani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Amempenda Mfaransa mmoja mwenye shamba, mtu mzima kuliko yeye. Anaingiwa na wasiwasi: huyu mtu simjui vizuri. Anaamua kumwacha. Na anamwacha vipi? Kwa wimbo, anasema atamwosha mwanamume huyo atoke kwenye nywele zake.

Mwigizaji alikuwa Mary Martin, na ni yeye mwenyewe aliyetoa wazo: nitaziosha kweli. Jukwaani. Kwa maji na povu. Mchezo huchezwa mara nane kwa wiki, kwa hiyo mama yule alikata nywele zake fupi na kuziosha mara nane kila wiki mbele ya kadamnasi. Dada zangu mnaokaa saluni kwa saa tano mnajua maana yake.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Kabla ya kuingia New York waliujaribu mchezo mjini New Haven. Mary Martin akaingia, akaanza kuimba huku anaosha, povu linapanda. Wimbo mtamu, mwigizaji bingwa, kichekesho kipya ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Watu wakapoa. Makofi yakawa ya kumpa mtu pole. Kwa nini? Kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa unaangalia nywele na kuulizana: ile ni sabuni kweli? Yale maji ni maji? Wimbo ukaimbwa, ukaisha, hakuna aliyeusikia.

Walifanya nini? Hawakuandika wimbo mpya, na maji hawakuyaondoa. Walibadili mpangilio tu: kwanza aimbe, ndipo aoshe. Sikio lile, lishibe, kisha jicho lipewe povu lake. Ukumbi ukalipuka. Wimbo ule ule, sabuni ile ile!

Na kuna utamu mwingine hapo. Yule Mfaransa anatokea muda mfupi baadaye, na Nellie aliyemwosha mbele ya macho yetu anakubali kuolewa naye, kisha anaimba jinsi anavyompenda. Maji yote yale ya bure. Unacheka kwa sababu uliyasikia maneno ya kwanza. Usingeyasikia, ungebaki na mwanamke mwenye kichwa kibichi.

Mnanielewa mpaka hapo? Kwanza aimbe, ndipo aoshe. Naomba waandishi wetu waliandike hilo mahali.

Lakini jicho haliibi kwa kutazama kitu tu. Linaiba kwa kusoma pia. Mwaka 1975 ulitoka mchezo unaoitwa A Chorus Line, kazi ya Michael Bennett, unaohusu wachezaji wanaogombea nafasi kwenye safu ya nyuma ya wacheza dansi. Ulikaa Broadway miaka 15, maonyesho 6,137. Ndani yake yumo binti anayeitwa Val. Anasimulia alivyokuwa hodari wa kucheza na bado kazi anakosa, mpaka siku moja akaiona kadi waliyomwandikia: dansi kumi, sura tatu. Akaenda kwa daktari, akaongezewa viungo viwili. Kwa heshima ya wazee waliopo sitavitaja. Kimoja kiko mbele na kingine kiko nyuma, mtajaza wenyewe.

(Kicheko.)

Nanyi mmecheka kabla sijasema kitu! Basi mwanzoni wimbo ule ulipewa jina la viungo hivyo viwili, na jina likachapwa kwenye kijitabu cha programu wanachopewa watazamaji mlangoni. Watu wakakaa, wakafungua kijitabu, wakasoma. Val alipofika kwenye neno lake la kuchekesha, kila mtu alikuwa nalo mkononi tangu saa moja. Kicheko hakikuja. Wakabadili jina kwenye karatasi, wakauita kwa zile alama za kwenye kadi. Kicheko kikaja mbio.

Niliposikia kisa hicho nilishika kichwa, kwa sababu mimi nililifanya kosa lilo hilo, na langu halikuwa kwenye karatasi. Lilikuwa kwenye kanga.

Tulikuwa na mchezo, kikundi kingine, sitakitaja. Dhahabu ya biharusi imeibwa usiku wa kuamkia harusi. Wote wanamshuku mtumishi wa ndani, mtoto wa watu, analia. Mwishoni kabisa inajulikana kwamba mwizi ni shangazi, yule mcha Mungu anayeongoza dua. Kazi yangu ilikuwa kumvisha shangazi. Nikatafuta doti nzuri, rangi ya kahawia, mji wenye maembe, inayoonekana mpaka nyuma ya ukumbi. Jina sikulisoma. Mie! Mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye kanga, sikusoma jina!

Shangazi anaingia onyesho la kwanza, anageuka kupanga vikombe. Mgongoni kumeandikwa: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Mama mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Ah! Kumbe huyu." Ukumbi ukaangua kicheko. Saa moja na nusu iliyobaki tulikuwa tunawaigizia watu wanaojua mwisho. Mwandishi hakusema nami wiki mbili.

Nani mwingine duniani ana tatizo hili? Broadway walichapa siri kwenye kijitabu. Sisi huichapa kwenye nguo yenyewe, tena kwa herufi kubwa. Kwa hiyo kwenye mchezo wetu kanga zote nitazisoma mimi, kisha atazisoma mwandishi, kisha atazisoma mtu asiyejua kisa.

Sasa niwapeleke kinyume. Je, jicho likinyimwa kabisa inakuwaje?

Mwaka 1956, My Fair Lady. Muziki wa Frederick Loewe, maneno ya Alan Jay Lerner. Profesa Higgins amemfundisha binti muuza maua, Eliza, kuzungumza kama bibi mkubwa. Katika mchezo huo kuna onyesho la mbio za farasi ambalo kila fundi wa maleba anapaswa kulijua: Cecil Beaton aliwavisha watu wote nyeusi, nyeupe na kijivu, kofia kama makasha ya meli. Macho yanakula mpaka yanavimbiwa. Lakini wimbo mkubwa wa mwili katika mchezo ule unakuja mwishoni, Eliza ameondoka, profesa anarudi nyumbani peke yake, na anaimba kwamba ameuzoea uso wake.

Uso uko wapi? Haupo! Jukwaani hakuna binti, hakuna picha, hata leso yake haipo. Rex Harrison, aliyeicheza sehemu hiyo mara ya kwanza, hakuwa mwimbaji; nusu anaimba, nusu anazungumza. Anaanza kwa hasira, anamwombea binti wa watu njaa na aibu, kisha anarudi pale pale, kwenye uso. Na sisi tuliokaa kwenye viti tunauona uso ule vizuri kuliko wakati wote alipokuwa amesimama mbele yetu. Mwandishi wetu wa wimbo wa nywele, nakuangalia wewe: hivi ni lazima bibi awepo jukwaani babu anapoimba kuhusu nywele zake? Fikiria. Sikuamulii.

(Halafu Eliza anarudi, na yule bwana, badala ya kusema lolote la maana, anauliza ndara zake ziko wapi. Wanaume nyie.)

Turudi kidogo South Pacific, maana nywele hazikuwa jambo lake zito. Jambo lake zito lilikuwa ngozi. Nellie anagundua kwamba watoto wa yule Mfaransa mama yao alikuwa mwenyeji wa visiwa, mtu mweusi kwake, na upendo wote unamkauka, hawezi. Kijana mwingine mwanajeshi, luteni, amempenda binti wa kisiwani na naye anaogopa kumwoa. Luteni ndiye anayeuimba ule wimbo mfupi unaosema kwamba chuki ya rangi ya ngozi na umbo la macho mtu hazaliwi nayo. Hufundishwa, na hufundishwa mapema, utotoni. Waandishi walishauriwa wautoe. Walikataa. Mchezo ulipozunguka majimbo ya kusini, wabunge wa Georgia walileta muswada mwaka 1953 wa kupiga marufuku burudani zenye falsafa iliyotoka Moscow, eti. Wimbo wa ngozi umekuwa ukomunisti!

Mimi kama fundi naangalia: wakati wa wimbo huo luteni hafanyi kitu. Haoshi, havui, havai. Jicho halina pa kukimbilia. Basi linaangalia wapi? Linaangalia mkono wa jirani kwenye kiti, kisha mkono wako mwenyewe. Mimi nilipousikia kwa mara ya kwanza kwenye kaseti nilikuwa peke yangu chumbani, na bado niliuangalia mkono wangu.

Haya, vito. Vito nitavipitia kwa haraka, ingawa najua wengine ndivyo mlivyofuata.

Kito kina shida moja jukwaani: ni kidogo. Gauni linaonekana mpaka mstari wa mwisho, kofia inaonekana, hata kiatu chenye kisigino kirefu. Lakini almasi ya kidoleni? Kipini cha puani? Mtu wa mstari wa kumi haoni kitu. Nguo hujionyesha yenyewe, kito huhitaji mdomo wa kukisemea. Ndiyo maana Carol Channing alipoimba mwaka 1949, katika Gentlemen Prefer Blondes, kwamba almasi ndiyo rafiki wa kweli wa binti, maneno ya Leo Robin yalifanya kazi yote. Na yanasema nini? Yanasema mwanamume hupoa, sura huchakaa, jiwe hubaki na umbo lake. Watu huuona wimbo wa tamaa. Mimi nauona wimbo wa akiba. Bibi zetu waliofunga bangili za dhahabu kwenye kitambaa na kuzitia chini ya godoro wangeuelewa bila mkalimani. Na miaka ile ile hapa kwetu, Mwadui, Shinyanga, mgodi wa Williamson ulikuwa unatoa mawe: mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ikapelekwa zawadi ya harusi kwa Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza. Akiba ya bibi yupi ile, sijui. Tuendelee.

Mwaka uliofuata, 1950, ukaja Guys and Dolls wa Frank Loesser. Adelaide ni mwimbaji wa klabu, amechumbiwa miaka 14 na mcheza kamari asiyetaka kuoa. Miaka 14! Kuna wimbo anaouimba kazini kwake: bwana mmoja amempa koti la manyoya, lulu, gauni, kofia, kisha akataka malipo asiyoyataja mtu muungwana. Binti anakasirika: mimi si wa aina hiyo, chukua vitu vyako! Na kila anachokitaja anakivua. Mdomo unadai heshima, mikono inaondoa nguo. Kadiri anavyozidi kuwa mwema ndivyo anavyozidi kubaki uchi.

Hapo sikio na jicho wanapigana, na ugomvi wao ndio kichekesho. Lakini ugomvi huo unataka saa. Neno "lulu" likitoka, lulu ziwe zimetoka, si kabla, si mistari miwili baadaye. Mnadhani ni kazi ya mwimbaji? Ni kazi ya vifungo! Zipu hapo hairuhusiwi. Zipu nimeiona ikimkamata msichana wangu mmoja kiunoni, wimbo umeisha, bendi imenyamaza, yeye bado anavuta. Hapo hutiwa vifungo vya kubonyeza, vikubwa, na vifanyiwe mazoezi gizani.

La mwisho ni koti. Hili nalipenda kuliko yote, mnisamehe nikikaa nalo.

Tarehe 1 Machi 1968, katika shule moja ya London iitwayo Colet Court, wavulana waliimba hadithi ya Yusufu na ndugu zake, ya dakika zipatazo 15, iliyotungwa na vijana wawili, Andrew Lloyd Webber na Tim Rice. Baadaye ilikua ikawa mchezo mzima. Yusufu anapewa na baba yake koti la rangi nyingi, na watoto wanazitaja rangi moja baada ya nyingine. Ni rangi 29. Ishirini na tisa! Fundi yeyote akisikia hivyo anakaa chini.

Mwalimu mmoja aliniomba nimsaidie kufanya jambo kama hilo na darasa lake, kwa maneno yetu wenyewe, kwa Kiswahili. Tukakaa barazani kuandika orodha ya rangi. Ndipo nikaona tulivyo matajiri. Sisi tukishapita nyeupe, nyeusi na nyekundu, rangi zetu ni vitu. Kahawia ni kahawa. Manjano ni bizari. Zambarau ni tunda, chungwa ni tunda. Kijivu ni jivu la jikoni. Samawati ni mbingu. Waridi, dhahabu, fedha. Mtoto akiimba rangi kwa Kiswahili anaimba soko zima, anaimba jiko na anga.

Kisha mtoto mmoja, darasa la nne, akanyoosha mkono: "Na damu ya mzee?"

Mwalimu akaandika. Mimi kalamu ilinianguka. Mnakijua kisa: ndugu zake Yusufu watamuuza, watachukua vazi lile, watalichovya kwenye damu ya mbuzi, watampelekea baba yao, mzee Yakobo, na mzee atalia mpaka karibu afe. Na ndani ya orodha ya furaha, katikati ya waridi na machungwa, watoto wanaimba damu ya mzee. Jicho halijaona kitu bado. Sikio limeshaambiwa.

Koti lenyewe lilinishinda. Kwenye kapu la vipande nilipata rangi 17, na mstari wa mbele kulikuwa na mvulana anahesabu kwa vidole. Ukitaja idadi, watazamaji wote wanakuwa wahasibu. Mara ya pili nikashona koti la kaniki, jeusi tii, rangi zote nikazitia ndani, kwenye bitana. Watoto wakaimba orodha yote Yusufu akiwa amesimama kama kunguru. Neno la mwisho lilipotoka akafungua mikono. Hakuna aliyehesabu.

Basi, kazi yetu. Kidani cha bibi: naomba kisiingie jukwaani mpaka ubeti wa mwisho, na kiwe kikubwa kuliko kidani cha kweli, maana mstari wa kumi nao umelipa. Viatu vya bwana harusi: atembee navyo kimya kwanza, tusikie vinavyolia, ndipo aimbe, hapo kiatu chenyewe ni sauti. Nywele za bibi namwachia mwandishi, lakini nimesema nililosema. Anayecheza shangazi aje mbele nimpime kifua na kiuno kabla hajaondoka.

Na kuhusu posho, sirudii. Waulizeni wale dada watatu. Wao walikuwa wamegeukia ukuta.